Pesa za Chooni

Ukitaka kujua uchumi wa kisiwa hiki unakwendaje, usipoteze muda wako na magazeti. Njoo Mji wa Kale, shika Ndia Kuu, kata kichochoro cha tatu, uingie chooni kwetu, vile vyoo vya msikiti vilivyo wazi kwa wote. Mwaka ambao riba za benki zilipanda, tulitia vigae vyeupe kutoka chini mpaka juu. Mwaka uliofuata tukabadilisha mifereji yote. Riba zikishuka, sabuni hukatwa vipande viwili na taa ya tatu haiwashwi. Watalii wanaotoka Ngome kuja kujisaidia wamewahi kutupiga picha, si sisi bali vyoo vyetu, na wengine hutuuliza ni serikali gani inayojali watu hivi. Sijawahi kumjibu hata mmoja, kwa sababu jibu lenyewe ni la aibu.

Riba ni haramu, hilo kila mtoto wa kwetu analijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Lakini pesa za duka haziwezi kulala chini ya godoro. Lazima ziende benki, na benki, utake usitake, inaongeza riba. Ukiikataa, unawaachia wao. Ukiila, umekula moto. Wazee wetu wenye maduka wakakaa, wakafikiri, wakapata njia ya tatu: ichukue, lakini usiile. Itie kwenye uchafu, kwa kuwa nayo ni uchafu. Basi kila Machi wenye maduka thelathini walikwenda benki, wakatoa riba ya mwaka mzima, kila mmoja akaitia ndani ya bahasha, akaileta kwa Kasam, ndugu mdogo wa babangu, ambaye mimi namwita Chacha na mtaa mzima unamwita Mwenyekiti, kwa sababu ndiye anayeongoza kamati ya msikiti. Bahasha ilitolewa kwa mkono wa kushoto na Chacha akaipokea kwa mkono wa kushoto, halafu wote wawili wakanawa.

Nilipokuwa mdogo niliona ni uchaji Mungu. Sasa nina miaka arobaini na mbili, nina duka langu la fotokopi na M-Pesa linalotazamana na vyoo hivyo, na nimeona mengi. Watu walewale waliokuwa wakinawa mikono kwa bahasha waliuza kitambaa cha mia tatu kwa elfu moja na mia mbili, na aliyenunua kwa mkopo alipandishiwa zaidi, na hapo hakuna aliyetafuta sabuni.

Vyoo vikapata vigae, vikapata maji ya kununua, vikapata mtu wa kuvitunza. Mtu huyo ndiye ninayetaka kueleza habari zake. Wengine nimewaleta ili msome kwa nini nawadharau, na msinitoe mimi katika hesabu hiyo.

Jina lake Ngumbao. Kwao ni Kaloleni. Alikuja mjini akiwa kijana, akabeba magunia katika maghala ya Shimanzi, na hukohuko akasilimu, kwa sababu wabebaji wenzake walikuwa na kijisikiti cha mabati nyuma ya ghala na yeye alipenda kukaa nao. Wakampa jina la Rajabu. Huku kwetu hakuna aliyewahi kumwita Rajabu. Tulimwita Ngumbao mpaka mwisho, na nimepata muda wa kujiuliza kwa nini. Nafikiri ni kwa sababu Rajabu ni ndugu yako katika dini, na ndugu unampa mkono.

Siku moja rundo la magunia ya kahawa lilimwangukia, likamvunja mgongo. Mwenye ghala alimlipa siku tatu, akamwombea dua. Chacha wakati ule alikuwa wakala wa forodha bandarini Kilindini, anamjua kwa sura. Akamwona amekaa nje ya geti kama mzigo uliokosa mwenyewe, akamwambia kuna kazi nyepesi Mji wa Kale. Hadithi hiyo Chacha huisimulia kila Ramadhani, na kila mwaka yeye huzidi kuwa mkarimu ndani yake.

Kazi nyepesi ilikuwa hii. Saa kumi na moja alfajiri Ngumbao ameshafika, ametoka Kisauni kwa miguu. Anapokea madumu ya maji kwa wasukuma mikokoteni, dumu moja moja, anajaza matangi. Anasugua vyoo sita na mikojo ya watu waliokuja kuswali, na ya wauza kahawa, na ya watalii, na ya walevi wanaojificha huku wakitoka mjini. Anafunga baada ya isha. Mgongo wake ulikuwa umepinda upande, hivyo alisugua akiwa amepiga goti moja. Alifanya hivyo miaka kumi na minane, na katika miaka hiyo sikumbuki siku ambayo harufu ilifika dukani kwangu.

Mwisho wa mwezi mshahara wake uliwekwa juu ya baraza ya msikiti, chini ya jiwe. Haukutiwa mkononi. Yeye aliondoa jiwe, akauchukua, akalirudisha jiwe mahali pake. Alidhani analipwa kutokana na kodi ya nyumba za wakfu, kwa sababu ndivyo wanavyolipwa mwadhini na mfagiaji wa msikiti. Hakuna aliyemwambia kinyume. Mambo ya bahasha aliyajua, kila mtu aliyajua, lakini alifikiri bahasha ni za vigae na mifereji. Sisi tulijua kwamba na yeye yumo ndani ya bahasha. Katika daftari la kamati aliandikwa pamoja na dawa ya choo na mifagio.

Kila akipokea mshahara alivuka kichochoro, akaja kwangu.

"Mwanangu Sana, nitumie tena kule kwa wakala."

Sana ndilo jina langu. Wakala ni mtu wa safari za umra, ofisi yake iko mjini. Ngumbao alikuwa akimlipa mafungu madogomadogo, mia tano, elfu moja, mwezi mbaya mia mbili. Mkewe alikuwa ameshafariki, watoto wamejitegemea. Hija alishaiondoa katika ndoto zake, bei yake ni ya matajiri. Lakini umra alisema inafikika. Alitaka kuiona Kaaba kwa macho yake, akae pale chini, atazame, basi. Hakutaka kitu kingine chochote duniani, na mimi niliyekuwa nikimtumia pesa zile ndiye shahidi. Mwaka jana mwezi wa pili nilimsomea salio. Palibaki elfu sita.

Mwezi huohuo benki ikaleta dirisha la Kiislamu, yaani akaunti zisizo na riba.

Aliyekuja kutueleza alikuwa binti anayeitwa Stacy, mwenye sauti tamu na mtandio wa kijani ambao ni sare ya dirisha hilo. Alikusanya wenye maduka katika ukumbi wa juu wa msikiti, akawapa sambusa. Akasema kwamba sasa mteja hakopeshi benki, bali ni mshirika wake. Benki inafanya biashara ya halali, faida inagawanywa, na masheikh watatu wameidhinisha kwa saini zao. Chacha akavaa miwani, akasoma karatasi.

"Binti, hini faida ni asilimia ngapi?"

"Inategemea biashara, mzee. Mwaka uliopita ilikuwa saba na nusu."

"Na riba yetu ya zamani?"

"Saba na nusu."

Halafu Chacha akatabasamu, na wenye maduka wote wakatabasamu. Sina ugomvi na masheikh watatu. Wao wanajua kitabu, mimi najua fotokopi. Nasema tu nilichokiona: wanaume thelathini waliogundua, kwa pamoja, kwamba pesa walizokuwa wakizitupa chooni mwaka hadi mwaka sasa zinalika. Walikula sambusa zote.

Akaunti zikahamishwa katika wiki moja. Sijawahi kuona watu wetu wakifanya jambo kwa haraka namna ile, hata kuzika. Aliasgar wa duka la taa, ambaye hata si wa msikiti wetu, alihamisha ya kwake kwa ajili ya kuandamana na wenzake. Faida ya kwanza ilipoingia, kamati ikanunua kiyoyozi cha ukumbi wa juu, na kila mmoja kilichobaki akaenda nacho nyumbani, safi, halali, kwa mkono wa kulia.

Na hakuna hata mmoja, katika vichwa thelathini vya biashara, vichwa vinavyoweza kukwambia bei ya kontena la mchele kabla meli haijatia nanga, aliyekumbuka kwamba vyoo vilikuwa vikila dhambi yetu. Dhambi ilipokwisha, chakula chao kikaisha.

Walipogundua, wakaweka sanduku la hiari mlangoni pa msikiti, limeandikwa VYOO. Mwezi wa kwanza lilitoa shilingi mia nne na kumi, kifungo cha shati na sarafu ya Kihindi. Pesa zilipokuwa haramu zilitoka nyingi bila kuombwa. Zilipokuwa halali kila shilingi ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa ameikumbatia.

Ngumbao hakulipwa mwezi wa tatu. Hakulipwa wa nne. Alikuja alfajiri vilevile, akasugua vilevile, na madumu ya maji akaanza kuyachukua kwa deni kwa jina lake. Mwezi wa tano Chacha aliingia dukani kwangu na karatasi iliyokunjwa.

"Niandikie barua, mama. Barua nzuri, ya heshima. Ya kumpumzisha Ngumbao."

"Na mishahara yake ya miezi mitatu, Chacha?"

"Hiyo itaangaliwa. We andika."

Niliandika. Ningeweza kukataa. Nilikuwa na sababu tele za kukataa, na hata kisingizio, umeme ulikuwa umekatika asubuhi. Badala yake nilitafuta maneno. Chacha alikuwa ameandika "hatukutaki tena", nikaona ni ukali, nikaweka "kamati imeridhia kukupumzisha kwa kuzingatia afya yako". Nikapiga nakala tatu. Nikamtoza Chacha shilingi sitini, akalipa hamsini.

Barua Ngumbao aliikuta juu ya baraza, chini ya jiwe.

Hakuja kupiga kelele. Alisubiri Ijumaa, watu walipotoka kuswali na Chacha amekaa kwenye baraza na wazee wenzake, akamkaribia akiwa ameishika barua kwa mikono miwili. Nilikuwa mlangoni pangu, hatua saba.

"Mzee Kasam, barua nimeisoma. Sina neno. Lakini ile miezi mitatu, kama mtanipa, nitamaliza kulipa safari yangu ya umra. Nimebakisha kidogo sana."

Angeambiwa pesa hazipo, ingekwisha. Lakini Chacha alikuwa mbele ya watu, na mbele ya watu Chacha hawezi kuwa mtu asiye na pesa. Ilibidi apate sababu ya dini.

"Umra?" akasema. "Kwa pesa gani, Ngumbao?"

"Za mshahara wangu, mzee."

"Sasa sikiza nikwambie, maana ni wajibu wangu. Mshahara wako ulikuwa ukitoka katika riba. Zile bahasha. Sisi hatukuweza kuzila, ndipo tukakupa wewe. Umra ya pesa hiyo haipokelewi, yakhe. Usijitaabishe bure."

Wazee wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mmoja akasema masikini. Ngumbao alilitazama jiwe lililokuwa pale barazani.

"Mlijua mimi ni Muislamu," akasema mwishowe.

"Tulijua."

"Miaka kumi na minane naswali nyuma yenu."

"Sasa hiyo ni kazi ya choo, Ngumbao. Ilihitaji pesa ya choo."

Hivyo ndivyo alivyosema, bila haya, kama mtu anayetaja bei. Na Ngumbao akaikunja barua, akavuka kichochoro, akaja kwangu. Hakuingia ndani.

"Mwanangu, na wewe ulijua?"

"Nilijua," nikasema.

"Zile pesa nilizokuwa nikikupa umtumie wakala, kila mwezi, ulijua?"

"Nilijua, mzee."

Akaitikia kwa kichwa, polepole. Nilimwambia tuende kwa Maalim Jamaldin, anayesomesha chuo cha Kurani cha mtaa wa nyuma, mtu asiye na duka wala hisa. Nilifunga duka saa ya biashara, na hilo nililiona ni tendo kubwa mno. Maalim alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akamuuliza swali moja.

"Hiyo kazi, uliifanya au hukuifanya?"

"Niliifanya, Maalim."

"Basi ni jasho lako. Uchafu wa pesa ulibaki kwa aliyeitoa. Wewe ulipokea ujira. Nenda kwa Mola wako na moyo mweupe." Akanitazama mimi kidogo, akarudi kwake. "Na desturi unaijua, Rajabu. Kabla ya safari, watu ulioishi nao uwatake radhi, mmoja mmoja. Wote, usiwabakishe."

Ngumbao alirudi Shimanzi. Wakati huu wa treni mpya makontena mengi yanapita moja kwa moja kwenda bara na yadi nyingine zimebaki kuota nyasi, lakini madereva wa malori bado wapo, na madereva wanakwenda haja kama watu wote. Mwenye yadi mmoja akampa vyoo viwili vya shimo. Mshahara nusu, ila alipewa mkononi. Akaanza tena kunitumia pesa kwa simu nimpelekee wakala, kila wiki mia mbili, mia tatu.

Kwetu huku nyuma mambo yalijiendea. Wiki ya kwanza maji yalikwisha matangini. Wiki ya pili watu walikuwa wakiingia na kutoka wameziba pua kwa vilemba. Kufika mwezi, harufu ilikuwa imekaa Ndia Kuu kama mpangaji asiyelipa, watalii wakawa wanapita mbio bila kutazama bei za vinyago, na maduka yakaanza kusikia. Hapo kamati ikakutana chini ya kiyoyozi. Dini iliyokuwa imekosa shilingi mia tano za sabuni ikapata ghafla elfu kumi na tano za mwezi. Chacha akaniagiza nimpigie Ngumbao, nikaweka simu kwa sauti.

"Ndoo, Ngumbao, rudi kazini. Mshahara tumeongeza. Na hii si riba, hii ni faida, halali kabisa."

Upande wa pili palisikika lori likirudi nyuma.

"Mzee Kasam," Ngumbao akasema, "mlinifundisha kuwa pesa safi haziingizwi chooni. Nisije nikawaharibia."

Hakuwa akimkejeli, namjua, hana kejeli. Aliambiwa sheria na yeye akaishika. Chacha alikata simu, akasema mtu huyu amepata kiburi. Kesho yake vyoo vikatiwa kufuli kubwa la shaba, na mpaka leo lipo, na wauza kahawa wanakojoa ukutani pa msikiti wenyewe.

Mwezi wa kumi na moja salio la wakala likafika sifuri. Nilimsomea kwa simu. Akaniuliza kama nimeona vizuri, nikamsomea tena.

Siku tatu kabla ya kusafiri alikuja. Kanzu nyeupe mpya, kofia mpya, mgongo wake umepinda vilevile. Alianzia mwanzo wa Ndia Kuu, mlango kwa mlango, kama Maalim alivyomwambia, wote bila kubakisha. Kila mlango maneno yaleyale: nasafiri, tumeishi pamoja, kama nimekukosea kwa neno au kwa kitendo naomba unisamehe. Aliyemwachia dumu la maji kwa deni alilipwa kwanza, kisha akaombwa radhi. Watu waliokuwa wakimwekea pesa chini ya jiwe walisimama milangoni pao, wakasikiliza, wakamsamehe. Nilikuwa nikiwasikia wakija karibu. Nimekusamehe. Tumekusamehe. Tuombee na sisi.

Akafika kwa Chacha Kasam. Nilidhani, nakiri nilidhani, kwamba hapa sasa mzee atasimama. Hakusimama. Alimsikiliza mpaka mwisho akiwa amefumba macho kwa uchamungu.

"Nimekusamehe, Ngumbao," akasema. "Na ile simu pia nimekusamehe. Ukifika kule, tuombee biashara."

"Inshallah, mzee," Ngumbao akasema.

Halafu akavuka, akaja kwangu. Nilikuwa nimejitayarisha. Usiku kucha nilikuwa nimepanga maneno: barua niliiandika mimi, na neno la afya yako nililitia mimi, na kila mwezi kwa miaka yote ile nilihesabu pesa zako huku nikijua, na kumwambia mtu ukweli hakukuwa na gharama hata ya karatasi. Nilitaka kumpa mkono kwanza kabla hajasema lolote. Lakini mezani palikuwa na wateja wawili, mmoja anataka nakala za kitambulisho, na Aliasgar wa taa anasubiri chenji yake, na wote wawili wakageuka kutazama.

"Mwanangu Sana," akasema, "nasafiri. Tumeishi pamoja. Kama nimekukosea kwa neno au kwa kitendo, naomba unisamehe."

"Nimekusamehe, mzee," nikasema.

Akanishukuru, akaenda mlango wa pili.